Baridi Iliyopimwa Kitandani

Kilichomwamsha Digrii alfajiri ile si jogoo wala mkewe. Ni pua yake mwenyewe. Ilikuwa imepoa kiasi kwamba alipoishika alidhani ameshika ya mtu mwingine. Akavuta blanketi mpaka juu ya macho, akageukia ukutani kama kawaida yake, na papo hapo moyo ukamlipuka. Alikuwa amekumbuka viazi.

Alitoka nje miguu mitupu, blanketi mabegani. Kando ya mlango wa jiko kulikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Akachovya kidole, kidole kikagoma kuzama. Juu ya maji kulikuwa na kigae cha barafu, chembamba, lakini barafu ni barafu. Digrii alibaki ameinama pale kama mtu aliyedondosha sindano. Nyumba yake ilikuwa mlimani, mahali ambapo baridi hupita tu ikienda zake. Kama huku ndoo imeganda, kule bondeni kukoje? Na kule bondeni ndiko kulikokuwa na shamba la viazi la mdogo wake wa kike, Mama Pacha, mjane, ambaye mwaka huu alikuwa ameweka nguvu zake zote kwenye ardhi ile.

Sasa huyu Digrii ni nani hata baridi imtoe jasho?

Hakuwa na digrii ya chuo chochote. Jina alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza kituo kidogo cha hali ya hewa kilichoko bondeni: kiwanja cha majani kilichozungushiwa waya, sanduku jeupe lenye miguu minne na kipimajoto ndani yake, chombo cha kukinga mvua, kibanda cha bati, na ndani ya kibanda kitabu kikubwa cha kuandikia vipimo. Ukimuuliza umeamkaje, hakujibu salama wala vizuri. Alijibu, "Digrii kumi na moja," kisha akapita zake kifua mbele. Watu wakacheka, wakamwita hivyo, naye akalipenda jina. Kazi ilikuwa ndogo na mshahara ulikuwa mdogo zaidi, lakini heshima ilikuwepo, na wapo watu ambao ukiwapa heshima hawaombi chakula.

Ubaya ulianza miaka mitatu nyuma. Kituoni kulikuwa na kipimajoto cha pili, cha kulazwa majanini, na hicho kilikuwa na akili ya ajabu: kilikumbuka baridi kali kuliko zote ya usiku. Hata ukienda saa mbili, hata saa tatu, unakikuta kinakungojea nayo. Mbuzi wa mtu akapenya waya, akakikanyaga. Digrii akawaandikia makao makuu, makao makuu wakamjibu kwamba barua yake imepokelewa, na mpaka leo iko huko imepokelewa. Tangu siku hiyo ikabidi aende mwenyewe saa kumi na mbili kamili asubuhi, kabla ya jua, asome kile cha sandukuni, kisha ainame atazame majani kama sakitu imeanguka. Sakitu ni ule umande unaolala maji ukaamka barafu, na mkulima hana adui mkimya kuliko huo.

Wiki tatu za kwanza alikwenda. Wiki ya nne magoti yakamuuma. Wiki ya tano akagundua kwamba akiinua pazia la chumbani na kutazama majani ya uani kwake, anaweza kukisia. Miaka yote hiyo kazini, bwana, mtu atashindwa kukisia? "Leo ni nne," alimwambia mkewe, kichwa bado kiko juu ya mto wa kulalia. "Sakitu hakuna." Akajifunika. Saa nne akashuka kituoni kwa raha zake, akaandika kwa wino, kwa mwandiko wa kupendeza. Mkewe alipewa kazi moja tu: mtu yeyote akija kabla ya saa mbili, ajibiwe kwamba bwana ameshashuka kituoni.

"Siku moja utaumbuka," mkewe alimwambia.

"Nani anakisoma kile kitabu?"

Na kosa lake halikuwa kosa la mtu asiyejua. Afadhali lingekuwa hilo. Siku ya kwanza kabisa ya mafunzo walifundishwa kwamba baridi ina tabia ya maji: hutiririka kutoka juu, ikatuama chini. Majani ya uani kwake yanaweza kuwa na umande wa kawaida wakati ya bondeni yamegeuka chumvi tupu. Aliyajua hayo mpaka akawafundisha wanafunzi waliokuja kutembelea kituo, fimbo mkononi, sauti ya kiprofesa. Kisha akarudi nyumbani akawa analipima bonde kwa dirisha la mlimani, misimu mitatu ya kipupwe na huu wa nne.

Kumbe kitabu kilikuwa kinangoja msomaji. Akaja bibi shamba mpya, binti wa gambuti na pikipiki, akakisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaitisha mkutano. Alikuwa na habari njema. Kwa mujibu wa vipimo, alisema, hali ya hewa imebadilika: miaka mitatu mfululizo sakitu haijaanguka bondeni katika mwezi kama huu, kwa hiyo mwenye ardhi kule asingoje. Apande viazi mapema. Mama Pacha alikuwa na ardhi kule, aliyorithi kwa baba yao. Mzee siku zote aliiacha iwe malisho, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Mama Pacha akageuka, akamtafuta kaka yake kwa macho. Digrii alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakuombwa aseme neno. Aliombwa kwa macho tu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Kichwa hicho hicho ndicho alichokuwa nacho shingoni asubuhi hii, akishuka bila chai, bila kunawa uso, viatu vimefungwa kombo.

Njia ya kushuka bondeni ni ya nusu saa, na kila hatua kadhaa nchi ilibadilika. Pale mlimani majani yalikuwa na majimaji yaliyoanza tu kuganda. Chini kidogo ya nyumba ya fundi baiskeli yakaanza kuota mvi. Alipofika kwenye uzio wa malisho yalikuwa meupe kabisa, yakivunjika chini ya viatu kwa mlio wa mtu anayetafuna mkate mkavu. Vidimbwi vilivyoachwa na kwato za ng'ombe vilikuwa vimezibwa na vioo. Waya wa seng'enge umeota manyoya, kila utando wa buibui umenenepa na kuonekana, na pumzi yake ilikuwa ikimtangulia njiani. Mashariki kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, wa rangi ya maji ya mchele, na hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi.

Ilikuwa asubuhi nzuri, lazima tuseme ukweli. Zamani aliipenda sana asubuhi ya namna hii. Alikuwa akiipita njia hii peke yake, kabla mtu yeyote hajaikanyaga, na moyoni akijiona ndiye mwenye funguo za dunia. Leo aliona haya hata mbele ya ng'ombe wawili waliosimama kando ya uzio wakitoa moshi puani. Walimtazama kama mgeni, na hawakukosea. Kila jani jeupe alilolipita lilikuwa linamwambia kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, na mwaka juzi, wewe ukiwa umelala. Akaanza kutembea akitazama viatu vyake, lakini viatu navyo vilikuwa vinakanyaga hicho hicho asichotaka kukiona.

Alipita kituoni kwanza. Alijiambia kwamba ni kazi, ukweli ni kwamba aliogopa kufika shambani. Njia ya kuingilia langoni ilikuwa nyeupe pe, akaichafua kwa nyayo zake. Kipimajoto kilisema tatu chini ya sifuri. Akasoma tena, kipimajoto kikasema vile vile. Akaingia kibandani, akafungua kitabu, akaandika tarehe na kipimo. Juu yake ulikuwepo mstari wa jana: digrii tano, sakitu hakuna. Juu ya huo, wa juzi: digrii nne, sakitu hakuna. Mwandiko mzuri, umenyooka, hauna doa. Digrii alikifunga kitabu haraka kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wanavaa.

Hapo ndipo aliposikia vishindo vya ndoo.

Shamba la Mama Pacha lilipakana na kituo, ng'ambo ya kijito. Fundi baiskeli, ambaye siku hiyo alikuwa ameondoka na giza kwenda mjini kufuata matairi, alipita bondeni akaliona shamba limekuwa jeupe. Akaiacha safari, akageuza baiskeli, akapanda mlima kwenda kumgongea Mama Pacha na majirani. Sasa walikuwa watu saba au wanane, wanachota maji kijitoni na kuyanyunyizia majani ya viazi kwa makopo. Sakitu ikioshwa kabla jua halijaigusa, jani laweza kupona. Jua likitangulia, basi tena. Kufika mchana shamba zima ni jeusi kama limepitiwa na moto.

Mama Pacha alivaa koti la marehemu mumewe, mikono ya koti imekunjwa mara tatu, na vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa maji ya baridi. Alimwona kaka yake akivuka kijito kutoka upande wa kituo, na uso wake, Mungu wangu, ukapata nafuu.

"Kaka. Nilijua wewe utakuwa umeshaamka zamani. Umepima?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

"Tatu chini ya sifuri."

"Ndiyo maana," alisema Mama Pacha, akamkabidhi kopo. "Anzia tuta lile. Usimwage, nyunyiza."

Akanyunyiza. Maji yalimwingia kwenye mikono ya sweta, akashukuru, maana maumivu ya vidole yalikuwa mepesi kuliko ya kusimama bure. Baadhi ya majani yalipooshwa yalibaki kijani. Mengine yalilegea na kulala chini, meusi pembezoni, na Mama Pacha alikuwa akiyapita bila kuyatazama. Alilipanda shamba hili mwenyewe, tuta kwa tuta, na wale pacha wake wamebeba mbegu nyuma yake. Hakulalamika hata mara moja, na Digrii alitamani angalau alalamike.

Ndipo pikipiki ya bibi shamba ilipoteremka njiani, taa bado inawaka. Aliiegesha vibaya, akakimbia, akatwaa kopo la kwanza aliloliona na kuinama tutani. Hakuna aliyeitikia salamu yake.

"Mtaalamu huyo kafika," alisema fundi baiskeli bila kuinua kichwa. "Hebu mpisheni. Atuonyeshe na kiangazi kiko wapi."

"Samahani sana, ndugu zangu."

"Samahani hailiki. Ulisema hapa sakitu haianguki. Ulisimama mbele ya watu na karatasi yako. Mimi leo hii namfuata mkubwa wako, na nikitoka huko nitakuwa nimeshamweleza yote."

Binti aliendelea kunyunyiza. Kila mtu alijua kwamba yuko kwenye muda wa majaribio, bado miezi miwili, na kwamba mkubwa wake si mtu wa kusikiliza pande mbili. Alipoongea tena sauti ilikuwa imepungua.

"Sikutoa kichwani. Nilifuata vipimo vya kituo." Akamgeukia Digrii. "Mzee, nisaidie. Nilisoma vibaya? Kuna ukurasa niliuruka? Njia nzima nimekuwa nikijiuliza."

Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, na hilo ndilo lililomkata Digrii maini. Akafungua mdomo, lakini mdogo wake alimtangulia.

"Binti, hapo kwa kaka yangu usiguse," alisema Mama Pacha. Alisema polepole, akiosha majani bila kusimama. "Kama ulisoma vibaya, sema ulisoma vibaya, binadamu hukosea. Lakini kile kitabu tumekilipia. Mwaka jana baba yetu alikata roho asubuhi ya baridi kama hii. Mtoto wake wa kiume, wa pekee, yuko huku chini ameinama kwenye majani, anapima. Tukamtuma fundi huyu akamwite nyumbani, akaambiwa ameshashuka kazini. Alipofika baba alikuwa ameshakwenda. Hakumuaga baba yake mzazi kwa ajili ya kitabu hicho. Leo mtu aje aniambie kina makosa?"

"Mimi ndiye niliyegonga," fundi baiskeli akashuhudia. "Nikashuka mpaka kituoni kumfuata. Tulipishana tu njiani."

Majirani wakaguna kukubali. Mmoja akamtazama Digrii kwa huruma, na ile huruma ilimwingia mwilini kuliko baridi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kopo lake.

Maana asubuhi ile ya mwaka jana hakuwa ameinama kwenye majani yoyote. Alikuwa chini ya blanketi. Alimsikia fundi akigonga. Alimsikia akimwambia mkewe kwamba mzee anamwita mwanawe, hali si nzuri, afanye haraka. Na alimsikia mkewe, kwa mazoea aliyomzoeza yeye mwenyewe, akijibu kwamba bwana ameshashuka kituoni. Ilitakiwa apige kelele pale pale kwamba niko huku, nakuja. Angeonekana mvivu, angechekwa wiki mbili, yangekwisha. Alingoja kwanza fundi aondoke. Nyumba ya baba yake ilikuwa juu tu ya ile yake, dakika tano kwa miguu ya pole, lakini uani kulikuwa na watu, na wangemwona akitokea nyumbani. Basi akapitia nyuma ya nyumba, akashuka kwa njia ya vichakani mpaka chini, akageuka, akapanda tena kwa njia ya kituoni kama mtu atokaye kazini. Saa nzima. Alifika anahema, na kuhema kulikuwa kwa kweli. Mama Pacha alimpokea mlangoni, akamkumbatia, akamwambia, "Ulikuwa kazini, kaka. Baba alilijua hilo." Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemheshimu Digrii duniani kama mdogo wake.

Sasa akae kimya? Akinyamaza, binti wa watu atafukuzwa kazi, na maisha yake yote ataamini kwamba hajui kusoma jedwali. Akisema, kitabu hakitakuja peke yake. Kitabu na ile asubuhi vilikuwa vimefungwa kwa kamba moja. Ukivuta hiki, kile kinafuata nyuma. Shamba angelisamehewa, pengine. Mtu husamehewa viazi.

Alimtazama bibi shamba. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye matope ya barafu, pua imemvimba, anaosha jani moja moja kwa vidole kama anayemnawisha mtoto uso.

"Hukusoma vibaya," alisema Digrii.

Sauti ilitoka ndogo. Ikabidi arudie.

"Huyu binti hakusoma vibaya. Kitabu ndicho cha uongo. Mimi ndiye mwongo. Nimekiandika kitandani."

Fundi baiskeli akacheka kidogo, akidhani ni utani. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Kitandani vipi, mzee?" aliuliza bibi shamba.

"Sikuwa nashuka. Nilikuwa natazama dirishani kwangu, mlimani, nakisia. Nikija mchana naandika."

"Siku ngapi?"

"Kipupwe chote. Hiki ni cha nne."

Bibi shamba alikaa chini kabisa, juu ya tuta. Hakukasirika, au hasira ilikuwa bado haijafika. "Nilikuwa nakipenda kile kitabu," alisema. "Niliwaonyesha wenzangu. Niliwaambia tazameni mtu anavyofanya kazi."

Digrii alingoja matusi ya majirani, na matusi yalikuja, moja mbili, ya haki kabisa. Mmoja alitema mate pembeni. Lakini masikio yake yote yalikuwa upande mmoja, upande wa Mama Pacha. Alikuwa ameweka ndoo chini. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Cha nne hiki," alisema. "Kwa hiyo mwaka jana ni cha tatu."

"Mdogo wangu..."

"Siku ya baba ulikuwa wapi?"

Fundi baiskeli aliinua kichwa, kisha akakiinamisha haraka sana. Hapo ndipo mlango mdogo ulipokuwa wazi. Angeweza kusema kwamba siku ile, siku ile moja tu, alishuka. Nani angempinga? Mkewe hayupo, na fundi angeshukuru kuamini. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeshaandaliwa, mtamu, mfupi. Uso wa mtu umeumbwa na haya, na haya humfundisha mtu kusema uongo kuliko shetani. Digrii akaumeza, na ulishuka kama mwiba wa samaki.

"Nilikuwa ndani," alisema. "Nilimsikia fundi mlangoni."

"Ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Mbona ulitokea bondeni?"

"Nilizunguka."

"Ulizunguka kwa nini, kaka?" Alimwita kaka bado, kwa mazoea tu.

"Ili mnione natoka kazini."

Mtu mmoja alijikohoza, akajuta. Digrii alimtazama mdogo wake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu afike, kwa sababu aliona ni haki yake kutazamwa. Mama Pacha hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu.

"Mimi nilikuwa dirishani," alisema. "Baba kila saa anauliza, amefika wapi. Amefika wapi. Nikakuona unatokea kule chini, nikamwambia, yule kule baba, anapanda, anakimbia. Unajua akasema nini?"

"Hukuniambia."

"Sikukuambia kwa sababu niliona utajilaumu bure. Alisema, mwambie asikimbie, atateleza, njia ina barafu. Basi. Hakusema kingine."

Akafuta pua kwa mkono wa koti la mumewe, akainama, akachukua ndoo.

Jua lilikuwa limeshagusa paa za nyumba za mlimani na lilikuwa linateremka. Fundi baiskeli akasema kwa sauti ya chini, "Maji, jamani," na watu wakarudi matutani, wengine wakimpita Digrii kama kigingi. Bibi shamba alinyanyuka pia, magoti meusi, akaendelea pale alipoishia. Hakuna aliyemfukuza Digrii na hakuna aliyemwambia abaki. Akachukua kopo lake, akaenda mwisho wa tuta ambalo Mama Pacha alikuwa amelianza upande wa pili.

Alinyunyiza mmea kwa mmea, mikono imekufa ganzi. Yeye akija huku, mdogo wake akija kule. Ilipobaki mimea minne kati yao, akainua uso. Mama Pacha alinyanyua ndoo, akavuka tuta, akaenda kuanza mstari mwingine. Ile minne akaiosha yeye.